Papa Do

Mtu mzima kumwonea wivu mtoto wake wa kumzaa ni jambo la aibu, ndiyo maana Hilaire hakuliita wivu. Aliliita nidhamu. Alisema mtoto lazima amalize masomo kwanza, alisema mikono yake imekaa vibaya, alisema kelele zinamuumiza kichwa. Maneno yote hayo aliyasema ndani ya juma moja, na kila aliyemsikia alijua kinachomuuma ni nini, isipokuwa yeye mwenyewe.

Jambo lenyewe lilianza Jumatatu, saa kumi za jioni. Hilaire alikuwa anarudi mapema kutoka atelye yake, karakana ya viti, kule kule mtaa wa Ndosho walikokuwa wanakaa. Siku hizo alikuwa ameanza kurudi mapema, kwa sababu tangu mabenki ya Goma yafungwe hakuna mtu aliyeagiza viti vya sebuleni. Alipoingia uani akasikia piano inalia ndani. Mtu alikuwa anapiga wimbo wa Utukufu, ule ule wa Jumapili, bila kukwama hata mahali pamoja. Hilaire akafikiri ni Anastase, mwalimu wa kwaya, amekuja kumtembelea na anapitisha muda akimngoja. Akakung'uta vumbi la mbao kwenye suruali, akachomeka shati, ndipo akaingia kumsalimu mgeni.

Hapakuwa na mgeni. Alikuwa Kahindo, binti yake wa miaka kumi na mmoja, bado amevaa nguo za shule, ameketi juu ya bidoni ya njano ya kuchotea maji mbele ya piano mbovu. Piano hiyo ilikuwa ya kwaya ambayo Hilaire aliipigia kila Jumapili. Waliponunua mpya, ile ya zamani walimpelekea Hilaire aitengeneze, wakisema fundi ni fundi, utadhani anayegongelea miguu ya viti anaweza kugongelea na umeme. Hilaire aliifungua mara moja, akaifunga, akaisukuma nyuma ya kabati. Ilikuwa inalia, lakini kitufe kimoja kilikuwa kimekufa, na bila kitufe hicho haikumfaa kitu.

"Nani anakufundisha?" akauliza.

Kahindo aliruka. "Hakuna mutu, Papa. Niko nafuata tu vile ninasikia mu kanisa."

"Na hivyo vibao vyeusi unavibonyeza ya nini?"

Mtoto akavitazama vibao, akamtazama baba yake, asielewe swali. "Njo pale wimbo uko, Papa."

Hapa lazima nikuambie siri ya Hilaire, la sivyo hutaelewa kwa nini maneno hayo, kwamba ndipo wimbo ulipo, yalimchoma. Kwaya ikianza wimbo juu kidogo au chini kidogo, mpiga piano anayejua kazi anahamisha vidole na kuifuata, na huko njiani anakutana na vibao vyeusi. Hilaire hakujua kuhamisha. Alijua njia moja tu, ya Do, ile ya vibao vyeupe. Kwaya ikipanda, alikuwa anabonyeza kitufe kinachoitwa transpozi, na mashine inapandisha sauti yenyewe huku vidole vyake vimebaki kwenye Do. Alikibonyeza haraka, kwa kidole kidogo, na waimbaji walidhani anaongeza nguvu ya sauti. Si dhambi, wako wengi wanaofanya hivyo. Lakini Hilaire alifanya hivyo miaka kumi na minne bila kumwambia mtu, watu wakamwita Maestro, naye akaitika.

Sasa mtoto alikuwa amejifunzia kwenye piano ambayo kitufe hicho kimekufa. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba vibao vyeusi ni vigumu, kwa hiyo kwake havikuwa vigumu. Hilaire alisikia furaha, nisimdhulumu, aliisikia kweli, ikakaa kifuani kwa muda wa kuvuta pumzi moja. Halafu ikaja ile nyingine.

"Vidole vimekaa vibaya," akasema. "Na masomo umemaliza?"

Micheline, mke wake, akapaza sauti kutoka jikoni, akimwita kwa jina la mwana wao mkubwa. "Papa Gradi, umemusikia mutoto? Anacheza tangu mwezi wa tisa! Nilifikiri unajua."

"Najua," akajibu Hilaire, na huo ulikuwa uongo.

*

Micheline alikuwa anaimba alto, na mara mtoto alipoweza wimbo mzima, mdomo wake haukuweza kubeba habari hiyo nzuri zaidi ya siku mbili. Jumamosi kwaya nzima ilikuwa inajua. Mama Athanasie, rais wa kwaya, mwanamke mnene mwenye vicheko vingi, alimshika Kahindo bega mbele ya watu wote na kumkalisha kwenye piano mpya.

"Maestro, turuhusu kidogo," alimwambia Hilaire. "Tusikie damu yako."

Angesema nini? Alisimama pembeni, mikono nyuma.

Anastase alitoa sauti kwa mdomo, mtoto akaanza, kwaya ikaingia. Kwenye ubeti wa pili sauti za juu zikaanza kupasuka. Anastase akapunga mkono. "Tushuke, tushuke kidogo, wasoprano wananifia hapa!" Kahindo akasogeza mikono yote miwili, wimbo ukashuka, na hakuna aliyepotea. Anastase aliendelea kuongoza mistari miwili, kisha akasimamisha kila mtu.

"Wewe mutoto, umefanya nini?"

Kahindo akaogopa. "Si umesema tushuke?"

"Na kitufe?" akauliza Anastase, aliyezoea kukiona kikibonyezwa kila wakishuka.

"Kitufe gani?"

"Kile Papa yako anabonyezaga."

"Aa, kile," akasema Kahindo, na uso wake ukafunguka kwa sababu jibu alikuwa analijua. Alikuwa amemtazama baba yake kanisani tangu anabebwa mgongoni. "Kile ni cha Papa, ju yeye anachezaga mu Do tu."

Josias, mmoja wa wenye sauti nene, akapiga kofi. "Weee! Miaka kumi na nne mu Do! Kumbe tuko na Papa Do hapa!"

Walicheka wote. Walicheka vizuri, bila ubaya, wakampiga Hilaire mgongoni, na yeye akacheka nao kwa meno. Ingekuwa heri wangemtukana, mtu anajua la kufanya akitukanwa. Kahindo peke yake hakucheka. Aliangalia uso wa baba yake, akaangalia vibao, na alipoambiwa acheze tena akasema anasikia njaa.

Kufika Jumanne jina lilikuwa limetoka kanisani na kutembea. Dereva mmoja wa pikipiki alipita mbele ya atelye, akapiga honi, akaita, "Papa Do, mambo!" Mteja wa pekee wa juma hilo, aliyekuja kutengenezesha stuli, alimuuliza kama ni kweli yeye ndiye baba wa yule mutoto wa piano. Miaka yote alikuwa ni Maestro kanisani na Papa Gradi mtaani. Sasa alikuwa Papa Do, na siku nyingine Papa wa Kahindo, na majina yote mawili yalikuwa ya mtoto.

*

"Amenivua nguo mbele ya watu," Hilaire alimwambia mke wake. Walikuwa wamekaa uani, Micheline anachambua maharagwe.

"Ni mutoto. Ameulizwa, amejibu."

"Angeweza kunyamaza."

"Wewe miaka kumi na nne umenyamaza, imekusaidia nini?" Micheline akatupa jiwe alilolikuta kwenye maharagwe. "Papa Gradi, nitakuambia na usinikasirikie. Uko na wivu ya mutoto wako."

"Mimi? Wivu?"

"Wivu. Tena kama ni Gradi angecheza vile, ungeshachinja kuku."

Hilaire akainuka, akaenda kusimama mlangoni. Maneno ya kuku hayakuwa kweli na alijua. Angemwonea wivu Gradi vilevile, pengine zaidi, kwa kuwa Gradi alikuwa na miaka kumi na sita na mikono mikubwa. Kilichomuuma hakikuwa na jina la mtoto huyu au yule. Alikuwa amekwenda kwenye ile piano Jumapili mia saba, wakati mwingine na homa, wakati mwingine bila kula, na hajawahi kusikia "pale wimbo uko". Alikuwa anasikia Do. Mtoto anaketi juu ya bidoni miezi michache, tayari.

Alhamisi Mama Athanasie alikuja na mfuko. Kwaya ilikuwa inajiandaa kwa jubile ya miaka ishirini na mitano, Jumapili hiyo hiyo, na walikuwa wamenunua kitenge cha bluu chenye ndege weupe kwa wote. "Hiki ni cha muzikiye, cha mupiga piano," akasema, akampa Hilaire mkononi, akageuka haraka kumsalimu Micheline.

Hilaire alikikunjua. Akakigeuza. Ilikuwa yadi moja na nusu.

"Mama Athanasie, wamekosea. Hiki hakitoshi hata mikono ya shati."

Mama Athanasie alicheka kidogo, kicheko ambacho hakikuwa chake. "Aa, Maestro. Hicho ni cha Kahindo. Komite ilikaa, ikaona mutoto acheze misa yote. Watu watapenda."

"Na mimi?"

"Wewe utavaa shati nyeupe. Utakaa kando yake, umugeuzie makaratasi."

"Hachezi na makaratasi."

Mama Athanasie akafikiri. Hakutaka kuumiza mtu, maskini. "Basi," akasema, "utakaa tu."

Kahindo alikuwa amesikia yote kutoka chumbani. Mgeni alipoondoka, akatoka, akasimama mbele ya baba yake na kile kitenge katikati yao. "Papa, nitamwambia Mama Athanasie ucheze wewe. Mimi nitasema niko na homa."

Kama kuna dakika Hilaire angeweza kuokoka, ilikuwa hiyo. Mtoto alikuwa anampa kiti chake kwa mikono miwili. Lakini kupewa kiti na mtoto, kwa huruma, kulimuuma kuliko kunyang'anywa.

"Nani amekuomba huruma?" akafoka. "Toka hapa! Nenda ukashonewe nguo yako."

*

Jumapili alitangulia kanisani saa kumi na mbili za asubuhi, kama alivyozoea, kuunganisha nyaya. Hiyo kazi hakuna aliyemnyang'anya. Aliweka piano, akavuta spika, akajaribu sauti. Kanisa lilikuwa tupu, mabenchi yamefutwa, maua yamepangwa. Akapiga Do yake, taratibu, mara moja.

Kisha akabonyeza transpozi. Mara moja tu, nusu hatua juu, si zaidi.

Alijua vizuri anachofanya. Ungepandisha hatua nne, kila mtu angegundua na kucheka na mashine. Nusu hatua ni mbaya kuliko zote. Mpigaji anabonyeza mahali pake, sauti inatoka kando kidogo, kwaya inaimba kule na piano inalia hapa, na watu kwenye mabenchi wanakunja uso bila kujua kwa nini. Wangesema mtoto ameshindwa, wangesema jubile si mchezo, na Mama Athanasie angenong'ona, "Maestro, tusaidie." Yeye angeketi, angebonyeza kitufe kwa kidole kidogo, na kila kitu kingerudi mahali pake. Alijiambia pia kwamba mtoto hatakufa kwa kukosea mara moja. Akatandika kitambaa chake cha mkono juu ya ile namba inayowaka kwenye kioo, kama mtu anayekinga vumbi.

Kanisa lilijaa hadi nje. Kahindo aliingia na gauni la ndege weupe, nywele zimesukwa upya, akaketi. Miguu yake ilikuwa inagusa chini kwa ncha za viatu. Hilaire akakaa kando yake na shati lake jeupe.

Anastase akatoa sauti kwa mdomo, chini chini, kwa waimbaji na kwa mpigaji. Kahindo akabonyeza kibao cha kwanza, na akakiachia hapo hapo, kama aliyegusa sufuria ya moto.

Hilaire alikuwa anatazama mbele. Alingoja.

Kilichofuata kilikuwa kifupi hata watu hawakukiona. Kahindo aliinua mikono, akaihamisha nusu hatua kushoto, na akaanza upya. Piano ikatoka pale pale ilipotakiwa kutoka. Kwaya ikaingia, sauti sitini na zaidi, akina mama wakapiga vigelegele mlangoni, na msafara wa padri ukaanza kutembea. Hilaire akatazama vidole vya mwanawe. Vilikuwa vinatembea mahali ambapo yeye hajawahi kutia kidole maishani, kwenye njia ambayo mtoto mwenyewe hakuifanyia mazoezi hata siku moja, na vilikuwa vinafika. Mtoto alikuwa anatokwa na jasho kwenye paji la uso. Alikuwa anafikiri kila kibao, huku anasikiliza kwaya, na hakukosea.

Hapo ndipo Hilaire alipoona alichokifanya. Si wakati wa kubonyeza, wala wakati wa kutandika kitambaa. Aliona alipoona jasho lile linashuka hadi kwenye jicho la mtoto na mtoto hawezi kulifuta.

Wimbo ulipoisha, padri alipokuwa anasalimu watu, Hilaire akanyoosha mkono polepole kuelekea kile kitufe. Akirudishe, yaishe. Mkono mdogo ukamzuia.

"Usiguse, Papa," Kahindo akanong'ona bila kumtazama. "Nimeshazoea."

Hilaire akakaa hivyo misa nzima, saa mbili na nusu, mikono kwenye magoti. Alikaa tu.

*

Baada ya misa kulikuwa na chakula uani mwa parokia, wali na sombe ya majani ya muhogo na dagaa wa sambaza wa kukaangwa, na watu walimzunguka Kahindo kama bibi arusi. Anastase alikuwa ndani anakunja nyaya. Akatoka na kile kitambaa mkononi, uso umebadilika.

"Ngoja kwanza," akasema kwa nguvu, hata vijiko vikanyamaza. "Hii piano ilikuwa mu transpozi. Moja juu. Misa yote! Nani aliacha hivi?"

Wote walikuwa wanajua anayeunganisha piano ni nani, na kitambaa kilikuwa cha nani. Josias akaacha kutafuna. Micheline akamgeukia mume wake, na Hilaire akaona jicho la mke wake linaelewa polepole, kitu kimoja baada ya kingine. Alifungua mdomo. Alitaka kusema amesahau.

"Ni Papa," akasema Kahindo.

Alikuwa ameshika sahani yake kwa mikono miwili.

"Papa alinipatia examen. Alisema kama mutu anajua kweli, hata wakimuhamishia piano atajua."

Uani ukalipuka. "Maestro!" akapiga kelele Mama Athanasie. "Kumbe njo vile unafundishaga! Na sisi tunakucheka!" Anastase akaja kumkumbatia, akamwomba msamaha mbele ya watu kwa yale ya Papa Do. Josias akamletea kiti na chupa ya soda baridi. Mzee mmoja wa parokia akasimama na kusema wazazi wa siku hizi hawana uvumilivu wa kumpima mtoto namna hiyo, na akaomba makofi. Hilaire alipigiwa makofi. Kwa miaka kumi na minne hajawahi kupigiwa makofi mengi kiasi hicho. Alisimama, akainama kidogo, akakaa. Soda ilimshinda.

*

Walirudi kwa miguu. Micheline na Gradi walitangulia na masufuria, na Micheline hakugeuka nyuma hata mara moja. Kahindo alikuwa anatembea kando ya baba yake, anaruka mawe meusi ya volkano ili asiharibu viatu, ameinua pindo la gauni. Hilaire alingoja hadi watu wa kanisa waliporudi kila mtu kwake na njia ikabaki na wao.

"Kahindo."

"Ndiyo, Papa."

"Ile haikukuwa examen."

"Najua, Papa."

Alilisema bila hasira, kama mtu anayeulizwa saa. Hilaire akatembea hatua kadhaa.

"Sasa kwa nini ukawaambia vile?"

"Ju wote walikuwa wanakuangalia."

Hilaire hajawahi kumwomba mtoto msamaha, na baba yake hajawahi kumwomba yeye, wala hakujua unaanzia wapi, ukisimama au ukitembea. Akasimama. Mtoto naye akasimama, kwa adabu, akamsikiliza.

"Nilikuonea wivu," akasema Hilaire. "Nilitaka ushindwe mbele ya watu. Unisamehe, mama."

Kahindo alifikiri. Alifikiri kweli, uso umekunjamana, kama anavyofikiri anapotafuta wimbo ulipo. Kisha akatikisa kichwa.

"Bado, Papa," akasema, akainua pindo la gauni, akaongeza mwendo kumfikia mama yake.